Hii nyanya ni ya aina gani? Maswali ya mbegu za kubadilishana zilizopotelewa na jina

Kila msimu wa kugawana mbegu ukiisha maswali huwa ni yaleyale, mtu kapewa bahasha, kapanda, zimezaa, na jina ama halikuwepo ama lililoandikwa halifanani kabisa na kinachoning'inia shambani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mpangilio ni wa hovyo kidogo, nimefuata mmea unavyokua, mengine nimejibu kwa neno moja kwa sababu hayahitaji zaidi.

Nina picha ya tunda lililoiva, unaweza kuniambia jina?

Hapana. Na anayekwambia anaweza, kwa picha moja, anabahatisha. Aina za nyanya zinazojulikana duniani zinahesabiwa kwa maelfu, mara nyingi utasikia zaidi ya 10,000, sasa hata ukichukua hapo zile nyekundu za mviringo zenye saizi ya ngumi tu, bado umebaki na mamia ambayo kwa picha ni pacha. Tena rangi unayoiona kwenye simu sio rangi ya tunda, ni rangi simu iliyoamua kukupa.

Kinachowezekana ni kupunguza orodha. Unachukua sifa moja unafuta nusu, unachukua nyingine unafuta tena, mpaka unabaki na majina matatu manne, afu ndo kazi yenyewe inaanza. Mtu akikujibu ndani ya dakika moja "hiyo ni Brandywine hiyo", muulize jani likoje. Akikaa kimya umeshamjua.

Mbegu zenyewe haziwezi kusema kitu?

Kidogo sana. Mbegu ya nyanya ni bapa, rangi ya mchanga, ina manyoya mafupi, basi. Za nyanya cheri na zile ndogo kabisa kama punje huwa ndogo zaidi ila hata hapo huwezi kuapa. Ukizikuta zimepakwa rangi ya pinki au kijani au bluu ujue zilitoka kwenye pakiti ya kiwandani na zimetiwa dawa, osha mikono, na uwezekano ni mkubwa kwamba ni chotara.

Kinachosema zaidi ni bahasha. Usiitupe! Mwandiko, mwaka, hata karatasi iliyotumika, vyote ni ushahidi. Afu mtafute aliyekupa kabla hajasahau. Usimuulize "inaitwaje" manake angejua angeandika, muulize mbegu alizitoa kwenye tunda la nani, hilo tunda lilikuwa la kununua au la kuchuma, mmea ulikuwa mrefu kiasi gani, na jirani yake palikuwa na nyanya gani nyingine. Hilo la mwisho watu hawaulizi kabisa na ndo lingewaokoa. Mimi niliwahi kupewa bahasha imeandikwa kwa penseli "nyekundu kubwa ya shangazi". Ilitoka pinki. Nikarudi kuuliza, kumbe shangazi alikuwa na mbili, na aliyechuma mbegu alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Nianze kuangalia lini, zikizaa?

Ukisubiri tunda umeshapoteza nusu ya habari. Anza siku mche unapotokeza. Angalia kishina chini ya yale majani mawili ya kwanza, kwa nyanya nyingi kina wekundu wa zambarau, ila kuna zingine ni kijani kitupu toka mwanzo. Ukiwa na kitalu chenye mchanganyiko wa zambarau na kijani, tayari una tetesi kwamba bahasha ilikuwa na mbegu za zaidi ya mzazi mmoja au zimechanganyika damu. Ila miche iwe kwenye mwanga sawa, iliyofunikwa na kivuli hupauka ukadhani ni kijani.

Afu piga picha na uandike tarehe. Najua unasema utakumbuka. Hutakumbuka.

Jani la kiazi ndo lipi, kila mtu analitaja?

Jani la kawaida la nyanya lina meno meno pembeni, limechanika chanika. Jani la kiazi limetulia, pembe zake ni laini bila meno au lina jino moja mawili tu, ukiliona peke yake unadhani ni la kiazi mviringo. Usiamue kwenye jani la kwanza la kweli, subiri la tatu mpaka la tano, ya mwanzo hudanganya.

Hii ndo sifa ninayoipenda kuliko zote kwa sababu iko wazi na ina hesabu nyuma yake. Jeni la jani la kiazi linajificha, yani mmea hauwezi kuonyesha jani hilo mpaka uwe umelirithi kutoka pande zote mbili. Jani la kawaida ndo lenye nguvu. Kwa hiyo kama umeambiwa hii ni Brandywine ya pinki, ambayo ni jani la kiazi, na mche wako umetoka na meno, sio Brandywine safi, hapo hamna mjadala: ama mbegu zimechanganywa ama nyuki amepita. Tena mtu akichuma mbegu kwenye mmea wake wa jani la kiazi afu miche miwili kati ya ishirini ikatoka na meno, hiyo miwili ni chotara, umewakamata kabla hata hawajatoa ua. Kwa nyanya ya jani la kawaida huna kipimo hicho, chotara atajificha mpaka azae.

Kuna majani mengine ya ajabu yanayopunguza orodha haraka sana. Yaliyochambuka kama ya karoti, kama ile Silvery Fir Tree. Yaliyokunjamana, mazito, kijani kibichi iliyokolea na shina nene fupi, hiyo ni mbilikimo wa kweli wa kurithi. Na yale malegevu, membamba, yananing'inia kama mmea una kiu kila saa, watu wanayamwagilia mpaka mizizi inaoza, wakati ni tabia tu ya nyanya nyingi zenye umbo la moyo. Ukiona mmea wako unalia kiu na udongo una maji, tulia, subiri tunda.

Nitajuaje kama ni fupi au ndefu?

Hesabu majani kati ya kishada kimoja cha maua na kinachofuata. Ndefu huweka majani kama matatu, kishada, matatu tena, kishada, na haikomi mpaka ife. Fupi huweka moja au mawili kati ya vishada, afu kilele chenyewe kinaishia kwenye kishada cha maua na safari inakoma. Ufupi huo nao ni jeni la kujificha, lilionekana Florida mwaka 1914, na nyanya nyingi za kuchumwa kwa mashine zimelirithi.

Shida ni kwamba watu wanakata machipukizi ya pembeni toka wiki ya pili, mmea unafugwa shina moja, afu wananiuliza ni fupi au ndefu. Acha angalau mche mmoja usioguswa na mkasi. Huo ndo shahidi wako. Hapa ndipo unapotenganisha kwa mfano Roma na San Marzano, zote za nyama nyingi na umbo la kurefuka, ila Roma ni fupi na San Marzano ni ndefu, na tunda la San Marzano huwa refu zaidi na limechongoka.

Rangi naisomaje? Yangu ni kama pinki, kama nyekundu, sielewi

Haya hapa tukae kidogo, manake ndo watu wanapopotea wengi.

Rangi unayoiona ni tabaka mbili, nyama na ganda. Chukua tunda lililoiva sawasawa, litumbukize maji ya moto nusu dakika, menya kipande cha ganda, kwangua nyama yote iliyoganda ndani yake, afu liinue kwenye mwanga. Ganda litakuwa ama la njano ama halina rangi kabisa kama karatasi ya nailoni. Sasa:

Nyama nyekundu ikivaa ganda la njano unapata nyekundu ya kawaida. Nyama ileile ikivaa ganda lisilo na rangi, hiyo ndo pinki. Basi, tofauti ya nyekundu na pinki ni ganda tu, mambo ya "pinki iliyokolea" na "nyekundu ya upole" achana nayo, menya ganda.

Zile wanazoita nyeusi zina nyama nyekundu ila kijani yake haikufutika wakati wa kuiva, kuna jeni linazuia. Nyekundu juu ya kijani inaonekana kahawia chini ya ganda la njano, na zambarau ya vumbi chini ya ganda lisilo na rangi. Kwa hiyo mtu mwenye "Cherokee Purple" yenye ganda la njano, huyo ana nyanya nyingine.

Za kijani zilizoiva ni jeni hilohilo la kubakiza kijani ila nyama ya chini ni njano badala ya nyekundu. Ganda likiwa la njano tunda linaanza kupata rangi ya asali likiiva, unajua muda umefika, likiwa halina rangi utabaki kubonyeza bonyeza kwa kidole kama unayenunua parachichi. Nyeupe, ambazo kiukweli ni njano iliyopauka, mara nyingi ni nyama ya njano na ganda lisilo na rangi.

Chungwa ndo ngumu, manake zipo za namna mbili tofauti kabisa kijenetiki na kwa macho zinafanana: moja inajaza beta karotini, nyingine inaishia njiani kabla ya kutengeneza ule wekundu wa kawaida. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, iandike tu "chungwa".

Na zile bluu za karibu nyeusi mabegani, kama Indigo Rose iliyotoka Chuo Kikuu cha Oregon State, rangi hiyo iko kwenye ganda tu na inakuja palipopigwa jua. Chini ya jani tunda linabaki na kivuli cha jani kama alama ya saa mkononi. Ukikuta hivyo umefuta maelfu ya majina kwa mpigo, manake aina za namna hiyo ni za juzi juzi tu, bibi wa mtu hakuziacha.

Yangu ilikuwa ya chungwa mwezi uliopita, sasa hivi inatoka nyekundu, nimechanganyikiwa

Joto. Ikipita kama nyuzi 30 hivi kutengenezwa kwa ile rangi nyekundu kunakwama, ila ya njano inaendelea, kwa hiyo tunda jekundu linaiva chungwa chungwa lenye mabaka. Mwaka mmoja nimezunguka na nyanya yangu "ya chungwa adimu" nikiwaonyesha watu, mvua ikanyesha hali ya hewa ikapoa, tunda lililofuata jekundu kama kawaida. Nikanyamaza. Usiandike rangi mpaka umeona matunda ya wiki kadhaa tofauti.

Tunda bichi nalo lina maana?

Ndio, na wengi wanalipita. Angalia bega, pale karibu na kikonyo. Kama bega ni kijani kilichokolea kuliko sehemu ya chini, hiyo ni tabia ya nyanya nyingi za zamani. Kama tunda zima ni kijani mpauko sawasawa juu mpaka chini, ni ile tabia waliyoipenda wazalishaji wa kisasa ili tunda liive rangi moja. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba jeni lililovunjwa kupata usawa huo ndo lilelile linalosaidia tunda bichi kujitengenezea sukari, kwa hiyo wale wazee wanaolalamika nyanya za siku hizi hazina utamu hawakuwa wanazeeka tu vibaya.

Mistari ya kijani kilichokolea kwenye tunda bichi ikumbuke, ikiiva itageuka mistari ya njano au dhahabu, ndo familia ya akina Green Zebra. Ganda lenye vinyweleo kama pichi nalo ni la wachache sana.

Afu pinda kikonyo. Nyanya nyingi zina kifundo katikati ya kikonyo, tunda linakatikia hapo na kubaki na kijikofia chake. Zisizo na kifundo tunda linang'oka tupu. Hiyo ya pili ilisambazwa kwa ajili ya kuchuma kwa mashine, kwa hiyo ukiambiwa "hii ni mbegu ya babu wa babu" na kikonyo hakina kifundo, nuna kidogo.

Nikate tunda vipi?

Mawili. Moja kwa upana katikati, lingine kwa urefu toka kikonyoni mpaka kitako. La upana hesabu vyumba vya mbegu: cheri nyingi ni viwili, za mviringo za kawaida vitatu mpaka vitano, zile kubwa za mapande huwa na vingi vilivyojipanga hovyo huwezi hata kuhesabu. La urefu angalia moyo mweupe unashuka mpaka wapi, na kama kuna uwazi ndani, kuna nyanya za kujaza ambazo ndani ni tupu kama pilipili hoho na mtu anadhani mmea wake unaumwa.

Weka rula pembeni kwenye picha. Sio sarafu, sarafu ya kwenu mimi siijui.

Uzito na umbo?

Usipime tunda la kwanza. Kwa nyanya kubwa, ua la kwanza mara nyingi ni maua mawili matatu yaliyoungana, linatoa dubwana lenye makunyanzi, na ndo hilo mtu analipiga picha. Pima matunda ya kishada cha pili na cha tatu, kama kumi hivi, chukua wastani. Makovu na mashimo kitakoni huja na baridi wakati wa maua, sio urithi peke yake. Na kitako kilichooza cheusi ni maji ya kukatika katika na kalsiamu kutofika kwenye tunda, ingawa kweli zile ndefu za nyama nyingi zinasumbuliwa zaidi kuliko cheri.

Siku za kuiva nahesabu toka lini?

Toka kuhamishia shambani, sio toka kusia mbegu. Namba za kwenye katalogi ziko hivo kwa kawaida. Na ni za kulinganisha tu: kama kwenye bustani yako moja inatangulia na nyingine inachelewa mwezi mzima, hilo lina maana. "Siku 72" peke yake haina.

Ladha?

Shahidi mbovu. Mwagilia kidogo itakuwa tamu, mwagilia sana itakuwa maji. Iandike kwa raha yako.

Nimepanda miche sita ya bahasha moja na kila mmoja umezaa kivyake!

Hongera, una kizazi cha pili cha chotara. Mtu alinunua au alipewa tunda la F1, yani kizazi cha kwanza cha chotara, akalipenda, akachuma mbegu, akagawa kwa nia njema. F1 yenyewe huwa inafanana mmea kwa mmea kwa sababu wote wana baba mmoja na mama mmoja waliosafishwa, ila watoto wake, yani F2, ndo karata zinachanganywa upya. Sungold ni mfano unaokuja kila mwaka, chotara wa kampuni ya Tokita ya Japani, cheri ya chungwa, watu wanachuma mbegu zake, na wanaopokea wanapata nyekundu, wanapata chungwa, wanapata kubwa, wanapata zisizo na utamu wowote, afu wanauliza jina. Jina hamna. Kila mmea hapo ni mtu mpya ambaye hajawahi kuwepo.

Sasa kuna mitego miwili. Wa kwanza, miche yote ikifanana haimaanishi ni mbegu safi, inaweza kuwa F1 yenyewe, kwa mfano tunda moja lililochavushwa na jirani. Utajua ukipanda mbegu zake msimu unaofuata, zikitawanyika ndo hivyo. Wa pili, miche michache inaficha mengi. Sifa ya kujificha hutokea kwenye mmea mmoja kati ya minne ya F2, kwa wastani, ile hesabu ya Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa njegere. Ukipanda minne tu, kuna kama asilimia 32 hutauona hata mmoja na utasema "zimefanana zote". Ukipanda 11 nafasi hiyo inashuka chini ya asilimia 5. Ndo maana mtu akinipa mbegu tano namwambia asante lakini utambuzi tusahau.

Na ukiona mmoja tu ndo wa ajabu kati ya kumi na tano iliyofanana kila kitu? Huyo ni mgeni, punje iliyobaki kwenye chujio toka aina nyingine au uchavushaji wa bahati mbaya. Mtenge na asikuchanganye kuhusu wenzake kumi na nne.

Lakini nyanya si zinajichavusha zenyewe?

Kwa sehemu kubwa ndio. Chavua inatokea ndani ya ile koni ya njano na kijiti cha kike kimefichwa humo humo, kwa hiyo ua linajimaliza kabla nyuki hajapata nafasi. Ila kuna aina ambazo kile kijiti kinachungulia nje ya koni, nyingi za matunda madogo zilizo karibu na nyanya mwitu, baadhi za jani la kiazi, na maua yale makubwa yaliyoungana. Hapo nyuki anayevuma anafanya anachotaka. Chungulia maua yako, kama unaona kijiti kimetokeza usitegemee bahati, vika kishada mfuko wa wavu mwepesi kabla maua hayajafunguka, tikisa tikisa kila siku, likishika tunda toa mfuko na ufunge uzi kwenye kikonyo ili usilile kwa bahati mbaya. Imenitokea. Mara mbili.

Nimepata jina ninalolishuku, nahakikisha vipi?

Njia ya kuaminika nyumbani ni moja: tafuta mbegu ya jina hilo kutoka mahali pa kuaminika, panda pamoja na yako, siku moja, udongo mmoja, maji yaleyale, angalau miche sita sita, na usiandike majina makubwa kwenye vibao bali A na B, kwa sababu macho yanaona yanachotaka kuona. Fuata kila kitu nilichoandika juu, kishina, jani, urefu, bega, kikonyo, ganda, vyumba. Ikitofautiana kwenye kitu kimoja cha urithi ulio wazi, mfano ganda au jani, sio yenyewe, hata kama kingine chote kinafanana. Ikifanana kwenye vyote, unaandika "inafanana na". Kinyume chake hakifanyi kazi, kusoma maelezo ya katalogi na kutingisha kichwa. Maelezo ya katalogi yanasema "tamu, kubwa, inazaa sana". Nani ameandika nyanya yake chungu, ndogo, haizai?

Kama unataka orodha rasmi ya sifa za kuangalia, shirika la UPOV linaloshughulika na haki za aina mpya za mimea lina mwongozo wa nyanya, ni mkavu ila unakufundisha kuangalia vitu ambavyo hukuwahi kuviona.

Vipimo vya DNA? Au programu ya simu?

Programu itakwambia ni nyanya. Asante, tulikuwa tunajua. DNA kweli inaweza kutenganisha aina, jenomu ya nyanya, yani ramani nzima ya urithi wake, ilichapishwa mwaka 2012 na ina kromosomu 12 zinazojulikana vizuri, ila kipimo kinakuambia kitu pale tu maabara ina sampuli ya kulinganisha, na nyanya nyingi za bustanini hazijawahi kupelekwa popote. Isitoshe nyanya za kufugwa zimekaribiana sana kiukoo. Kwa kilo mbili za nyanya za nyuma ya nyumba, mimi ningebaki na rula.

Je kama sio nyanya kabisa?

Hutokea. Ua la nyanya ni la njano. Likitoka jeupe au zambarau usile tunda lake kwa kubahatisha, ukoo huu una ndugu wa sumu. Ua la njano na tunda limevaa koti la karatasi, hiyo ni ndugu mwingine, tomatiyo au mwenzake.

Mbegu za kubadilishana zinaweza kuleta ugonjwa?

Zinaweza. Kuna virusi na bakteria wanaosafiri juu ya mbegu au ndani yake, kile kirusi cha makunyanzi ya kahawia kwenye tunda kilichoonekana Israeli na Jordan miaka ya 2014 na 2015 kimetawanyika duniani haraka sana. Maji ya moto ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kwa kipimajoto cha kweli sio kidole, yanasaidia kwa bakteria, kwa virusi hayatoshi. Miche ya bahasha usiyoijua ipande mbali na nyingine na uiguse mwisho. Na kuvusha mbegu mpaka wa nchi bila cheti cha afya ya mimea nchi nyingi haziruhusu, hata kama ni punje kumi ndani ya kadi ya sikukuu.

Nimeshindwa kabisa kupata jina. Naruhusiwa kuipa la kwangu?

Kwanza usiipe jina la mtu mwingine. Hii ndo inaniuma kuliko yote hapa. Mtu anakuwa na pinki kubwa, hajui, anaandika "Brandywine" kwa sababu inafanana, anagawa kwa watu ishirini, nao wanagawa, baada ya miaka kumi kuna Brandywine sita tofauti na yule mwenye ya kweli ndo anaambiwa yake sio. Bahasha isiyo na jina inamfanya anayepokea aangalie. Bahasha yenye jina la uongo inamfanya aache kuangalia.

Kama imetulia, yani umeipanda misimu kadhaa haitawanyiki, ipe. Ndivyo majina mengi yalivyopatikana. Mwaka 1990 Craig LeHoullier, mpenzi wa nyanya kule Marekani, alipokea kwa posta mbegu za nyanya ya zambarau isiyo na jina kutoka kwa mtu wa jimbo la Tennessee, na maelezo kwamba asili yake ilikuwa kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko. Akaipanda, akaiona, akaiita Cherokee Purple, na leo iko kila mahali. Ilikuwa bahasha kama yako tu.

Kama bado inatawanyika, chagua mmea mmoja unaoupenda, chuma mbegu zake peke yake, rudia kila msimu. Mchanganyiko uliobaki hupungua nusu kila kizazi, F2 nusu, F3 robo, ukifika F8 umebaki chini ya asilimia moja. Hapo ndo uite jina la mkeo au la paka, upendavyo.

Sasa kwenye bahasha niandike nini?

Unachokijua, basi. Mwaka, mbegu zimetoka kwenye mimea mingapi, maua yalivikwa mfuko au hapana, na sifa zako tano sita. Ile ya shangazi, ambayo mpaka leo sijaipatia jina na nimeilinganisha na tatu bila mafanikio, bahasha yangu inasomeka hivi: "Haijulikani. Pinki, ganda halina rangi, jani la kiazi, ndefu, bega la kijani, kikonyo na kifundo, wastani gramu 310. Mimea 8, imetulia misimu 4, haikuvikwa mfuko. Aliyenipa aliambiwa ni nyekundu."